Geuka au Pinda? Lugha ya Kuiamuru Roboti katika Maktaba za Shule za Msingi za Wilaya za Mbulu na Hanang

IKISIRI

Ufundishaji wa uandishi wa programu kwa kutumia roboti ndogo za sakafuni hujadiliwa zaidi kama suala la vifaa na fedha. Makala haya yanaonyesha kwamba ni suala la lugha pia. Kwa kuchambua amri za mwendo na mwelekeo katika Kiswahili, makala yanadai kuwa istilahi mpya si tatizo kubwa kwa mwanafunzi wa Mbulu na Hanang. Tatizo ni maneno ya kawaida, kama vile pinda, rudi nyuma na kulia, ambayo kwa binadamu yana maana pana kuliko ile inayotekelezwa na mashine. Inapendekezwa kwamba somo hili lifanyike katika maktaba ya shule na lijengwe juu ya maandishi matatu: maelekezo, programu na taarifa.

1.0 Utangulizi

Wazo la kumfundisha mtoto hesabu na fikra za mpangilio kwa kumpa mashine ya kuiamuru si geni. Mwaka 1967 Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni lugha ya programu iitwayo Logo huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Miaka michache baadaye lugha hiyo iliunganishwa na roboti ya sakafuni iliyopewa jina la mnyama mwenye gamba. Mtoto aliandika amri, na mashine ikatembea na kuchora njia yake. Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alieleza falsafa ya kazi hiyo katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980. Alisema kuwa mtoto huielewa jiometri ya mashine hiyo kwa kuihusisha na mwendo wa mwili wake mwenyewe.

Roboti zinazotumiwa leo na watoto wadogo ni warithi wa wazo hilo. Mfano unaojulikana sana ni Bee-Bot ya Uingereza. Mgongoni ina vitufe vya mishale minne pamoja na vitufe vya kuanza, kungoja na kufuta. Kila hatua yake ni sentimita 15, na kila inapogeuka hugeuka nyuzi 90 papo hapo ilipo. Haina skrini. Kwa hiyo yaweza kudhaniwa kuwa kifaa cha namna hii hakina tatizo la lugha.

Dhana hiyo si sahihi. Mishale haina lugha, lakini darasa lina lugha. Mwalimu hueleza kwa maneno, wanafunzi hushauriana kwa maneno, na kosa hutafutwa kwa maneno. Nchini Tanzania maneno hayo ni ya Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Swali la makala haya ni hili: je, maneno ya Kiswahili yanayotumika kumwelekeza binadamu yanafaa kuiamuru roboti bila marekebisho?

2.0 Mazingira ya Lugha katika Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, zina nafasi ya pekee katika isimu ya Afrika. Ndani ya eneo hili na jirani zake hukutana lugha za makundi yote manne yaliyoainishwa na Joseph Greenberg mwaka 1963. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, ambacho lahaja yake ya Kibarabaig husikika sana Hanang, ni lugha ya Kiniloti. Kinyaturu na Kiihanzu ni lugha za Kibantu. Kihadza cha Yaeda Chini, ambacho Greenberg alikiweka katika kundi la Khoisan, sasa huchukuliwa na wanaisimu wengi kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana.

Kwa mtoto wa Kinyaturu, Kiswahili ni lugha yenye ujamaa na lugha ya nyumbani. Kwa mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatooga wa kijijini hali ni tofauti. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na mara nyingi hukijua vizuri baada ya kuanza shule. Maarten Mous, katika sarufi yake ya Kiiraqw ya mwaka 1993, ameonyesha kuwa kitenzi cha lugha hiyo huweza kubeba alama inayoonyesha kwamba tendo linaelekea kwa msemaji. Kidatooga nacho kina viambishi vya kitenzi vinavyotofautisha mwendo wa kuja na mwendo wa kwenda. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tofauti hiyo hubebwa na jozi za maneno kama njoo na nenda, au leta na peleka.

Jambo hili lina uzito katika somo la roboti. Mtoto aliyezoea lugha ambayo mahali pa msemaji huonyeshwa ndani ya kitenzi huenda akaielekeza mashine kwa kuanzia pale alipo yeye. Lakini roboti haijui aliyeibonyeza yuko wapi. Hii ni nadharia tete inayopaswa kupimwa darasani, nayo inatosha kumtahadharisha mwandaaji wa somo asidhani kuwa watoto wote wanauona mwelekeo kwa jicho moja.

3.0 Uchambuzi wa Amri

3.1 Geuka na pinda

Tuchukue maelekezo yafuatayo, ambayo mtu yeyote angeweza kumpa mgeni:

(1) Nenda mbele hatua tatu, pinda kulia, halafu nenda hatua mbili.

Msikilizaji binadamu hapati shida. Hata hivyo, kitenzi pinda kina mambo mawili ndani yake: kubadili mwelekeo, na kuendelea na safari katika mwelekeo mpya. Dereva anayeambiwa apinde kulia hasimami njia panda akiangalia kulia, bali huingia barabara ya kulia. Kitenzi geuka hakina sehemu hiyo ya pili. Anayegeuka anaweza kubaki palepale.

Mshale wa kulia wa roboti una maana ya geuka, si ya pinda. Mwanafunzi anayefikiri kwa pinda huona kwamba baada ya mshale huo roboti imekwisha kuingia mraba wa upande wa kulia, naye hupunguza hatua moja katika hesabu yake. Roboti itasimama mraba mmoja kabla ya lengo. Mwalimu asiyeijua tofauti hii ataona kosa la kuhesabu, hali kosa ni la kisemantiki. Dawa yake si kurudia somo la kuhesabu, bali ni kuacha neno pinda na kutumia geuka peke yake.

3.2 Rudi nyuma na kinyumenyume

Mfano wa pili ni mshale wa nyuma. Tafsiri inayokuja haraka ni rudi nyuma. Kwa binadamu, kurudi ni kuelekea kule alikotoka, na kwa kawaida mtu hugeuka kwanza ndipo aende. Roboti haigeuki. Husogea nyuma huku uso wake ukibaki ulikokuwa. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu amri inayofuata hutegemea uso wa mashine unaelekea wapi.

(2) a. Rudi nyuma hatua mbili, geuka kulia.
    b. Nenda kinyumenyume hatua mbili, geuka kulia.

Anayeielewa (2a) kama binadamu atageuka, atembee hatua mbili, kisha ageukie kulia kwake. Mwisho wa safari atakuwa anatazama upande ulio kinyume na ule unaotazamwa na roboti iliyotekeleza (2b). Kiswahili tayari kina kielezi kinachoeleza mwendo wa mashine kwa usahihi kamili, nacho ni kinyumenyume. Hakuna haja ya kubuni istilahi. Kinachohitajika ni kuchagua neno sahihi miongoni mwa yaliyopo.

3.3 Rudia mara nne

Roboti na programu za kiwango cha juu kidogo huruhusu amri ya kurudia. Ili kuchora mraba, mwanafunzi huandika jozi ya amri za kwenda mbele na kugeuka, kisha jozi hiyo itekelezwe mara nne. Tazama (3):

(3) a. Nenda mbele hatua mbili, geuka kulia. Rudia mara nne.
    b. Fanya mara nne: nenda mbele hatua mbili, geuka kulia.

Sentensi (3a) ina utata. Kurudia ni kufanya tena jambo lililokwisha kufanyika. Mwanafunzi makini anaweza kuhesabu tendo la kwanza na kuongeza marudio manne, akapata matano. Kwa mraba, tendo la tano huipeleka roboti tena kwenye pembe ya pili. Sentensi (3b) haina utata huo, kwa kuwa idadi imetajwa kabla ya tendo na kitenzi fanya hakidokezi tendo lililotangulia.

3.4 Kiambishi -ki-

Roboti zenye vihisio huweza kupewa masharti. Hapa sarufi ya Kiswahili ina utajiri ambao unahitaji kudhibitiwa. Sentensi "Ukifika ukutani, geuka kulia" yaweza kuwa na maana tatu: endapo utafika, wakati utakapofika, au kila utakapofika. Mazungumzo ya kawaida huiachia hali halisi iamue. Programu haina uwezo huo. Inafaa basi maana hizo zitenganishwe tangu mwanzo: ikiwa kwa sharti, kila mara kwa marudio yenye sharti, na mpaka kwa tendo linaloendelea hadi jambo fulani litokee. Mwanafunzi anayejua kuzitenganisha amejifunza mantiki ya programu, na papo hapo amejifunza jambo kuhusu sarufi ya Kiswahili.

4.0 Kulia kwa Nani?

Stephen Levinson, katika uchunguzi wake wa mwaka 2003 kuhusu lugha na nafasi, ameainisha mifumo mitatu ya kueleza mahali. Wa kwanza hutumia pande za kitu chenyewe. Wa pili hutumia pande za mtazamaji. Wa tatu hutumia alama za mazingira ambazo hazibadiliki mtu anapogeuka.

Kiswahili hutumia yote mitatu. Maneno kaskazini na kusini yana asili ya pepo za msimu za pwani, kaskazi na kusi, na hivyo ni ya mfumo wa tatu. Kulia kunatokana na mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Neno hili lina asili katika mwili wa mtu, lakini linaweza kutumika kwa upande wa msemaji au kwa upande wa anayezungumziwa. Mtu anayemwelekeza mgeni mjini Katesh anaweza pia kuutaja Mlima Hanang, ambao huonekana kutoka mbali, na asitaje kulia wala kushoto hata mara moja.

Roboti ya sakafuni inafahamu mfumo wa kwanza tu. Haiujui mlima, wala haimjui mtazamaji. Inapokwenda ikiwa imempa mwanafunzi mgongo, kulia kwake na kulia kwa mwanafunzi ni kumoja, na hakuna tatizo. Inapogeuka na kumwelekea, pande hubadilishana. Ni katika hatua hii ambapo programu nyingi za wanaoanza huharibika, na neno lililo sahihi kisarufi huzaa tendo lisilotarajiwa.

Njia ya kuliondoa tatizo hili haihitaji umeme wala fedha. Mwanafunzi mmoja anakuwa roboti, mwingine anasoma amri, na wa tatu anaandika yaliyotokea. Anayetenda hutembea juu ya miraba iliyochorwa sakafuni kwa chaki na hutii maneno kama yalivyo, bila kuyasaidia kwa akili yake. Mwanafunzi aliyewahi kusimama akimwelekea mwenzake na kuambiwa "geuka kulia" hujionea mwenyewe kwamba kulia ni kwa yule anayetembea. Ndilo fundisho la Papert kuhusu mwili. Tim Bell na wenzake nchini New Zealand nao walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya sayansi ya kompyuta inaweza kufundishwa bila kompyuta.

5.0 Maandishi Matatu

Uchambuzi uliotangulia waweza kuonekana kama orodha ya vikwazo. Ukweli ni kwamba sarufi ya Kiswahili inatoa nyenzo nzuri ya kuviondoa. Safari moja ya roboti inaweza kuandikwa kwa namna tatu, na kila namna ina umbo lake la kitenzi:

(4) a. Maelekezo: Nenda mbele hatua tatu, ugeuke kulia, kisha uende hatua mbili.
    b. Programu: Nenda mbele hatua 3. Geuka kulia. Nenda mbele hatua 2. Simama.
    c. Taarifa: Roboti ilikwenda mbele hatua tatu, ikageuka kulia, ikaenda hatua mbili, ikasimama.

Katika (4a) kitenzi cha kwanza kiko katika hali ya kuamuru, na vinavyofuata viko katika hali ya dhamira tegemezi. Huu ndio mfululizo wa asili wa amri katika Kiswahili fasaha. Katika (4b) kila amri inasimama peke yake, haitegemei iliyotangulia, na hakuna linaloachwa lidhaniwe. Katika (4c) kiambishi -ka- kinaonyesha matendo yanayofuatana, kama ilivyo katika hadithi.

Somo lote la kutafuta kosa limo katika kulinganisha (4b) na (4c). Pale taarifa inapoachana na programu, ama mashine imebonyezwa vibaya, ama kumbukumbu ya zamani haikufutwa na amri mpya zimeongezwa juu ya zile za awali, jambo ambalo hutokea sana kwa roboti za vitufe. Pale taarifa inapolingana na programu lakini lengo halikufikiwa, kosa liko katika maelekezo, yaani katika fikra ya mwandishi. Kwa njia hii mwanafunzi anatambua aina mbili za kosa ambazo hata watu wazima huzichanganya.

Umbo (4c) linaleta pia suala la upatanisho wa kisarufi. Watoto waliolelewa na hadithi za sungura na fisi huenda wakasema "roboti akageuka". Upatanisho wa viumbe hai una faida, kwa kuwa unawasaidia kujiweka mahali pa mashine. Una hasara pia, kwa kuwa unadokeza kwamba roboti itaelewa kisichosemwa. Katika taarifa iliyoandikwa inafaa upatanisho wa i-/zi- ushikiliwe, na sababu yake ielezwe.

6.0 Kwa Nini Maktaba

Somo hili linaweza kufanyika darasani, lakini maktaba inalifaa zaidi kwa sababu tatu. Kwanza, darasa la shule ya msingi ya serikali huwa na wanafunzi wengi, na roboti moja haiwezi kuonwa na wote. Maktaba hupokea kikundi kidogo kwa zamu. Pili, kazi ya maktaba ni kuhifadhi maandishi. Programu zilizoandikwa kwenye kadi, pamoja na taarifa zake, zinaweza kuwekwa kwa mpangilio na kusomwa na kikundi kinachofuata. Tatu, katika shule ambayo maktaba yake ni kabati moja, kadi na chaki hazihitaji nafasi zaidi, na sehemu kubwa ya somo huendelea hata roboti isipokuwapo.

Ipo pia hoja ya sera. Mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024 umetokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo inatilia mkazo stadi za kidijiti. Nchini Kenya, mtaala wa uandishi wa programu uliidhinishwa mwaka 2022, lakini huko Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Tanzania ina nafasi ya kufuata njia nyingine, nayo haianzi mikono mitupu. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililokamilika mwaka 2019, liliwapa watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga vishikwambi vya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili.

Hata hivyo, istilahi za kompyuta zilizopatikana kwa juhudi za aina ya KiLinux zililenga hasa kazi za ofisini: faili, hifadhi, chapa, futa. Lugha ya mwendo na mwelekeo haikuwa haja yake. Pengo hilo haliwezi kujazwa na kamati peke yake mezani, kwa sababu maneno yenyewe yamo tayari katika kamusi. Linalotakiwa ni kuyapima mbele ya watoto, na hasa watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba roboti ni msikilizaji wa namna ya pekee: hutii neno, haitii nia. Kwa sababu hiyo huyafichua maneno ambayo binadamu huyasaidia kwa mazoea yao. Geuka itenganishwe na pinda, kinyumenyume na rudi nyuma, fanya mara nne na rudia mara nne, ikiwa na -ki-. Mtoto wa Dongobesh au wa Katesh anayefundishwa tofauti hizi anapata mambo mawili kwa wakati mmoja: msingi wa uandishi wa programu, na umahiri wa Kiswahili atakaouhitaji katika masomo mengine yote ya shule ya msingi. Asipofundishwa, atahesabiwa kuwa mzito wa hesabu kwa kosa ambalo si la hesabu.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kabla ya roboti kununuliwa, orodha fupi ya amri za Kiswahili iandaliwe na kujaribiwa katika shule chache za Mbulu na Hanang, zikiwamo za maeneo ya Wairaqw, Wadatooga na Wahadza. Walimu na wasimamizi wa maktaba wafundishwe kutambua kosa la maana na kulitofautisha na kosa la kuhesabu. Mwisho, kadi za programu na taarifa za wanafunzi zihifadhiwe, kwa kuwa zitakuwa data ya thamani kwa uchunguzi wa namna watoto wa lugha za Kikushi na Kiniloti wanavyojenga dhana ya mwelekeo katika Kiswahili. Uchunguzi wa namna hiyo ungefaa kufanywa na wanafunzi wa uzamili wanaozijua lugha za eneo hilo, wakiwamo wazawa wake.